Kwa Mtani Wangu wa Tabora, Uliyeuliza Uje Kama Nani

Mtani wangu mpendwa,

Sikuulizi hali, maana najua utajibu kwamba Mnyamwezi haugui, anayeugua ni Mzaramo kwa uvivu wake. Mimi mzima. Theluji imeanza kuanguka hapa Vårby gård, pembeni mwa Stockholm, tangu alfajiri, nami nimekaa jikoni na chai yangu kabla ya kwenda kiwandani, zamu ya jioni. Sufuria ya wali wa jana bado iko mezani. Baba mdogo alikuja jana, akaondoka bila kumaliza sahani yake. Nitakusimulia, lakini kwanza swali lako.

Barua yako ya mwisho haikuwa na tusi hata moja, nikajua pana jambo. Uliandika kwamba chama chenu cha ushirika wa asali kimekupatia nafasi ya masomo Uppsala, huku Uswidi, mwaka mzima, kuanzia theluji itakapoyeyuka. Halafu chini kabisa, kwa mwandiko mdogo kama wa mtu anayeiba karatasi, ukaongeza: "Uppsala na kwako ni mwendo wa treni tu. Lakini nikija, mtani, nije kama nani?" Ukasema nisipokujibu utampisha mwenzako aende, wewe ubaki na nyuki wako na wachumba unaotafutiwa.

Siku nyingine ningekujibu kwa mzaha. Ningesema njoo kama mpagazi, ndiyo kazi ya babu zako, gunia langu la viazi linakungoja stesheni. Safari hii sitaki. Miaka minne sasa tunaandikiana kwa mafumbo kwa kuwa sanduku lenu la posta linafunguliwa na kila mwenye mkono. Hii naiandika wazi. Atakayeifungua njiani na aisome, na akimaliza aikunje vizuri aipeleke kwa mwenyewe. Jina lako tu ndilo silitaji humu, maana huko kwenu hilo ni lako kulitoa au kulificha.

Unakumbuka ule mwezi wa saba? Mji wote ulikuwa umefungwa. Hakuna aliyetuambia kwamba Waswidi wakifika katikati ya kiangazi hufunga maduka na viwanda, wakaenda kwenye vijumba vyao vya mashambani, wakawaachia mji watalii na njiwa. Mimi nilitoka Leipzig, Ujerumani, nilikokuwa najifunza uchapaji, nimekusanya posho yangu mwaka mzima nije niitazame Stockholm. Nilipofika nikaikuta imelala. Siku kadhaa nilikuwa sijamwambia mtu neno ila asante na samahani. Nilikuwa mpweke, mtani, upweke ule wa kujikuta unajibu redio.

Ndipo nikamwona mtu mweusi mrefu, kofia ya majani kichwani, amesimama mbele ya duka la mikate lililofungwa. Alikuwa anaisoma karatasi iliyobandikwa mlangoni, halafu akasema kwa sauti, kwa Kiswahili cha bara:

"Hivi hawa nao wamehama kwa njaa?"

Nilikaribia kulia. Nikakuuliza kwa nyuma, "Mtu wa wapi wewe?"

Ukageuka. "Tabora."

"Mnyamwezi?"

"Mtupu."

Basi sikungoja. Nikakuvua kofia, nikaivaa.

Aliyezaliwa kwetu hahitaji maelezo. Babu zako walikuwa wakishuka pwani na misafara, wakapita kwa babu zangu, wakapigana, wakapatana, na katika kupatana wakatuachia haki hii: tunyang'anyane, tutukanane, tuchekane hata msibani, na asikasirike mtu. Wewe hukukasirika. Ukanijibu palepale, "Mzaramo, hata Ulaya mmeuleta wizi wenu?" Nikafurahi sana kuitwa mwizi.

Lakini yule bibi mwenye mbwa hakuzaliwa kwetu. Aliyaona yote kutoka ng'ambo ya barabara, akavuka, akasimama mbele yangu na kidole juu. Kiswidi hatukukijua, ila kidole kinajulikana dunia nzima. Alitaka nikurudishie kofia yako. Ukajaribu kumweleza kwa Kiingereza, bibi akazidi kupandisha sauti kwa kukuonea huruma. Mwishowe ukaona njia ni moja. Ukanikumbatia mbele yake, ukanipigapiga mgongo, ukamwonyesha meno yote. Bibi akatutazama, akaridhika, akamvuta mbwa wake akaenda zake. Wewe hukuniachia. Bibi alikuwa amekwisha kata kona, na mimi bado nanusa sabuni na tumbaku shingoni mwako, wala sikujitoa.

Ulikuwa umetoka Denmark, kwenye kozi yako ya ushirika, na likizo ilikuwa imekushinda kuitumia peke yako. Ukahamia kwenye hosteli yangu siku ileile, ile meli kuukuu iliyotiwa nanga katikati ya mji na kugeuzwa nyumba ya wageni. Ukachukua kitanda cha juu ukidai Mzaramo asilale juu ya Mnyamwezi hata siku moja. Asubuhi yake ukanunua unga wa semolina ukausonga ugali, ukatoka kitu ambacho mpaka leo sijakipatia jina. Wajerumani wawili waliokuwa wanakaanga mayai wakasogea kutazama tunavyokula kwa mkono. Ukawakaribisha. Mmoja akaonja, akauliza kama ni dawa.

Na jua je? Nilikuwa nangoja lizame niswali Magharibi, lenyewe halina habari. Saa mbili usiku lipo, saa mbili na nusu lipo. Wewe Mkatoliki ndiye uliyejitwisha kazi ya kulichunga. Ulikaa sitahani na sigara yako, macho magharibi, na lilipotumbukia nyuma ya majumba ukaja kunigonga bega: "Limekwenda, Mzaramo. Nenda kaombe msamaha wa dhambi za pwani." Hakuna aliyewahi kunifanyia hivyo. Wako watu wa dini yangu niliokaa nao miaka na hawakuwahi kunikumbusha sala.

Ninachokikumbuka kuliko vyote ni siku ya visiwani. Tulipanda boti tukashuka kwenye kisiwa kimoja cha mawe, hakuna mtu, misonobari tu na maji yanayometameta. Mnyamwezi na maji wapi na wapi. Ulisimama hapo yamekufika kiunoni, umejikumbatia, unatetemeka, unayatukana maji ya Wazungu kwa Kinyamwezi. Nikakuambia ulale chali. Nikaweka kiganja chini ya mgongo wako.

"Ukiniachia nitakufa," ukasema.

"Sikuachii."

"Apa."

Nikaapa. Ukafumba macho, ukajilaza, ukaelea. Nilikutazama uso, nikajua kwamba mambo yamekwisha kuniharibikia, na kwamba sitaki yatengenezwe.

Wiki ileile Mama Neema akatupata. Alitusikia kwenye treni tukitukanana, akacheka hadi akapitiliza kituo chake. Yeye ni Mchaga wa Moshi, muuguzi, alikuwa amehamia huku Vårby gård na mumewe, majengo bado yananuka rangi. Akatualika Jumamosi kula pilau. Tulikuta Watanzania sebule nzima na Mkenya mmoja, Odhiambo, dereva wa basi, na Neema mwenyewe ambaye mama yake akimsemesha Kiswahili alikuwa anajibu Kiswidi. Hukukaa kiti chako dakika tano. Ukaja kwangu, ukachukua paja la kuku kwenye sahani yangu, ukalitafuna ukinitazama.

Odhiambo akaacha kula. "Ati nini? Mtu anakula nyama kwa sahani yako na unamwangalia tu?"

"Hao watani," Mama Neema akamwambia. "Mzaramo na Mnyamwezi. Akiitaka hata suruali ya mwenzake anamvua anaivaa."

"Kwetu hiyo ni kesi, bana." Akatutazama tena, mmoja baada ya mwingine. "Na nyinyi wawili hamna mabibi?"

Ukaniwekea mkono begani. "Bibi yangu ndiye huyu hapa," ukasema. "Ila kupika hajui."

Nyumba ikaanguka kwa kicheko. Mama Neema alijifuta machozi kwa kanga. Mimi nilicheka kuwashinda wote, nikijua tumesalimika, maana chini ya mwavuli wa utani tungeweza kushikana, kulishana, kuitana mume na mke mchana kweupe, na watu wakatupigia makofi. Nikakutazama nikaona wewe ndiye wa kwanza kunyamaza.

Baada ya chai tukashuka ziwani, hapa chini, kwenye ile gati ya mbao. Ukakaa, miguu ikining'inia juu ya maji. Ukaniita kwa jina langu. Tangu tukutane hukuwa umeniita hivyo. Nilikuwa Mzaramo, mwizi, mvivu, mtani. Ulipolitamka jina langu nilishtuka kama nimeitwa mahakamani.

"Mle ndani nimesema kweli, wakacheka," ukasema. "Wewe pia ulicheka."

"Ulitaka nifanyeje?"

"Sijui. Ila nimechoka kuchekwa kila nikisema kweli. Nakupenda, na sikutanii."

Kofia yako bado ilikuwa kichwani mwangu. Nikaivua, nikakurudishia mikononi, maana sikuona kingine cha kukupa. Ukaigeuzageuza. Kisha ukanivisha tena, ukaiweka sawa, ukanibusu. Watoto walikuwa wanaoga upande wa pili wa ufuko, mbwa anabweka, na hakuna aliyekuja na kidole juu.

Zilizobaki zilikuwa siku zetu. Sizielezi, zimo kwangu. Nitasema tu kwamba nilikuwa na miaka ishirini na mitano na ilikuwa mara yangu ya kwanza kulala usingizi mzito karibu na mtu.

Stesheni, siku ya kuagana, tukaurudia utani kwa sababu ya woga. Treni yako ilikuwa imekwisha piga filimbi. Ukachungulia dirishani, ukasema, "Usihuzunike, Mzaramo. Ukifa nitakuja. Nitalala kaburini mwako nikatae usizikwe mpaka wanipe changu." Ndiyo haki ya mtani. Nikakimbia sambamba na behewa nikakuambia usingoje nife ndipo uje. Sijui kama ulisikia. Sasa najua ulisikia, maana unauliza uje vipi.

Haya, nikueleze ya jana.

Unajua nilipomaliza Leipzig nilipata kazi ya uchapaji huku, na baadaye nyumba hii, vyumba viwili, hatua chache kutoka kwa Mama Neema. Baba mdogo, huyu aliyenisomesha baada ya marehemu baba, yuko wizarani. Alipita akitoka mkutanoni huku Ulaya. Nikampikia wali na samaki, nikatafuta nazi mji mzima. Akala vizuri, akanisifu. Halafu akatoa picha mfukoni, akaiweka karibu na bakuli. Binti mzuri, kakaa wima, macho ya akili.

"Mtoto wa watu wa Kisarawe," akasema. "Ametulia, kasoma. Umri unakwenda, mwanangu, na mama yako anataka kushika mjukuu. Posa tumekwisha peleka. Lililobaki ni neno lako, na nimetumwa nisirudi bila neno."

Mtani, nilikuwa na maneno mengi ya kuponea. Ningesema ngoja nipate nyumba kubwa, ngoja nipandishwe cheo. Nimeyatumia kwa miaka. Lakini barua yako ilikuwa kwenye kabati, nyuma ya mgongo wake, na ilikuwa inaniuliza. Nikaona nikidanganya pale, basi nimekujibu na wewe.

"Baba, mimi nina mtu," nikasema.

Akakunja uso. "Mzungu?"

"Hapana. Mnyamwezi."

Akacheka, baba wa watu, akapiga na goti. "Mtani! Kumbe! Hao wachapa kazi, watatulimia mpaka barazani. Ungesema mapema. Binti wa nani huko?"

"Si binti, baba."

Alikuwa na tonge mkononi. Akalirudisha kwenye sahani taratibu.

"Unanitania," akasema.

"Wewe baba yangu, nitakutaniaje?"

Akaomba maji ya kunawa, nikammiminia. Akaomba mswala, nikamtandikia. Akaswali Isha, akakaa kitako muda mrefu. Mimi nimesimama mlangoni pa jikoni. Alipoinuka akaanza kuvaa koti.

"Sijasikia kitu," akaniambia.

Ningeweza kuliacha hapo. Alikuwa ananipa mlango, na alinipa kwa upendo, najua. Nikasema, "Umesikia, baba. Naomba uwe umesikia."

Akafunga vifungo vyote, kimoja kimoja. Akachukua ile picha akairudisha mfukoni. "Posa nitairudisha mimi. Sababu utawaambia mwenyewe," akasema.

"Nitawaambia."

Nikamsindikiza hadi stesheni. Treni ilipokuja akanishika mkono, hakunikumbatia, ila alinishika mkono na akaushikilia kidogo. Nikarudi nyumbani nikitembea katikati ya barabara.

Naogopa. Usidhani naandika haya kifua mbele. Naogopa siku mama atakapoambiwa. Naogopa Jumamosi kwa Mama Neema, sebule itakaponyamaza nikiingia. Huenda kuna watu wataacha kunipa mkono, na kwetu sijui kama nitaweza kukanyaga tena. Hata huku usidhani pepo. Sheria hainifungi, lakini daktari wa kiwanda aliwahi kuniambia kwamba watu wa namna yangu ni wagonjwa, akaniambia kwa upole, akinipa kiti. Nayajua yote haya. Nimeyapima usiku kucha, na kila nikipima nakuta jambo moja tu ambalo siwezi kulibeba, nalo ni kukuona ukishuka kwenye treni halafu nikutambulishe kwa watu kama mgeni.

Yule binti hana kosa. Anastahili mwanamume atakayeusikia mlio wa viatu vyake ngazini akaruka kutoka kitandani kumfungulia. Asingempata kwangu. Hilo nitamwandikia mama pia.

Na wewe sikulazimishi. Una mama yako, una chama chako, na wanaokutafutia mchumba hawajachoka. Ukiona huwezi, mpishe mwenzako aende Uppsala, sitakutukana, na kwa mtani hiyo ni ahadi kubwa. Lakini usibaki kwa kudhani kwamba huku hakuna nafasi yako au kwamba nafasi yenyewe ni ya kujificha. Nilichokataa jana nimekikataa kwa ajili yangu mwenyewe. Uje usije, jibu lilikuwa lilelile.

Leo asubuhi nimekwenda kwa msimamizi wa majengo, Mfini mmoja mzee asiyependa maneno. Huku, mtani, jina la mwenye nyumba huwekwa mlangoni, juu ya tundu la barua, kwa herufi ndogo za plastiki. Jina la ukoo tu, basi. Nikamwambia nataka la pili chini ya langu. Akachukua kalamu, nikamtajia herufi moja moja.

"Amehamia lini?" akauliza.

"Bado hajahamia."

Akanitazama juu ya miwani. "Sasa jina la nini?"

"Akifika asipate shida ya kuuliza."

Kisha akachukua kisanduku cha herufi, tukapanda pamoja, akazipachika moja moja na kufuta vumbi kwa kiganja. Jirani wa mbele akatoka na taka zake, akasoma, akaniuliza huyu ni nani. Mama Neema atauliza Jumamosi, na Odhiambo, na wote. Nimekwisha anza kujibu, na jibu halikunichoma ulimi.

Kwa hiyo njoo. Ukitoka stesheni fuata njia ya ziwani, jengo la mwisho, ghorofa ya tatu, mlango wa kushoto. Umeuliza uje kama nani. Usibishe hodi kwanza. Simama hapo nje, usome.

Safari njema, na Mungu akushike mkono huko njiani mpaka nikupokee.

Ni mimi, mwenzi wako,
wa Vårby gård